Kamera iliibwa, na kadi ilijaa majani: ninunue ipi, niifunge vipi?

"Nilinunua kamera ya mtego ya megapikseli 24 ili nijue wanyama gani wanapita kwenye bonde la mto lililo nyuma ya shamba letu, na wanapita saa ngapi. Niliifunga kwenye mti kando ya njia, usawa wa kifua changu, ikitazama magharibi kwa sababu upande huo ndio ulio wazi. Wiki ya kwanza nilikuta picha zaidi ya 1,900, karibu zote majani. Palikuwa na mgongo wa mnyama mmoja, na makalio ya mwingine akitoka nje ya picha. Wiki ya tatu nilikuta mkanda umekatwa na kamera haipo. Sasa nina fedha za kununua kamera mbili. Nimeambiwa nichukue za megapikseli 48, zenye taa isiyoonekana, nizifunge juu kabisa ya mti kwa kufuli kubwa. Huo ni ushauri mzuri? Na nifanye nini zisiibwe tena?"

Pole sana. Kuibiwa kamera kunauma, na kunauma zaidi ukikumbuka kwamba hata kabla haijaondoka ilikuwa haijakupa ulichokitafuta.

Katika ushauri uliopewa, lililo sahihi kwako ni moja tu: taa isiyoonekana. Megapikseli 48 hazitapunguza majani hata jani moja. Kufuli kubwa juu ya mti litakunyima wanyama, na huenda lisimzuie mwizi. Nikisoma maelezo yako sioni kamera mbaya, naona mahali pabaya. Palepale palipokujazia kadi majani ndipo palipomwonyesha mwizi kamera. Kwa hiyo kabla hujatoa fedha, elewa kwanza kifaa hiki kinafanya nini kikiwa peke yake porini.

Watu wengi hudhani kamera ya mtego inatazama muda wote, na ikimwona mnyama inapiga. Sivyo. Kamera yenyewe imelala. Kinachokesha ni kihisi kidogo kilichojificha nyuma ya kile kipande cha plastiki chenye mistari, chini ya lenzi. Kihisi hicho hakijui umbo wala rangi. Kinapokea mionzi ya joto, ambayo kila kitu hutoa: jiwe, jani, paa, wewe. Ile plastiki yenye mistari inaligawa eneo la mbele kuwa kanda nyembamba, kama vidole vya mkono uliotandazwa. Mnyama mwenye joto tofauti na mazingira akitoka kidole kimoja na kuingia kingine, joto linalokifikia kihisi hubadilika ghafla, na hapo ndipo kamera inaamshwa. Yanatakiwa mambo mawili kwa pamoja, tofauti ya joto na mwendo. Kimoja kikikosekana, kamera haifyatuki.

Ukishalishika hilo, picha zako 1,900 zinajieleza zenyewe. Kamera ilitazama magharibi. Kila alasiri jua liliyachoma majani ya mbele yake, upepo ukayatikisa, na jani la moto linalopepea karibu na kihisi halina tofauti na mnyama mdogo anayepita. Angalia saa zilizoandikwa chini ya picha zile, kama bado unazo: nina hakika nyingi ni za mchana na alasiri zenye upepo, na chache sana ni za usiku. Jua lenyewe likishuka hadi likaingia kwenye lenzi, hata mnyama akipita unapata kivuli tu.

Kuna mengine yanayotokana na jambo hilohilo. Siku ya joto kali, ardhi ikikaribia joto la mwili wa mnyama, kihisi hupofuka, na unaweza kukosa mnyama mkubwa aliyepita mbele ya kamera kabisa. Nyoka, mijusi na kobe hukosekana mara nyingi kwa sababu miili yao hufuata joto la mahali walipo. Kamera ukiiweka nyuma ya kioo cha dirisha haitafyatuka, kwa kuwa kioo huzuia mionzi hiyo hata kama wewe unaona vizuri. Na mnyama anayekuja moja kwa moja kuielekea kamera hubaki ndani ya kidole kimoja kwa muda mrefu, hivyo hugunduliwa akiwa amekwisha kufika puani.

Makalio yale sasa. Kuna muda kati ya kihisi kushtuka na picha kupigwa. Nauita muda wa kufyatuka. Kamera nzuri hufyatuka chini ya nusu sekunde, dhaifu hupitisha sekunde nzima. Fanya hesabu: kamera yenye upana wa nyuzi 45 ikiwa mita 3 kutoka njiani inaona kipande cha njia cha mita mbili na nusu tu. Mnyama anayetembea kwa haraka kidogo hukimaliza kwa sekunde moja na robo hivi. Kamera ikichelewa sekunde moja tangu ashtue kihisi, kilichobaki ni mkia. Dawa si kununua kamera ya kasi tu. Igeuze kidogo, isiitazame njia kwa mkato ulionyooka bali kwa mshazari, karibu nyuzi 45, ili mnyama akate vidole vya kihisi na papo hapo abaki kwenye picha muda mrefu zaidi.

Kuhusu megapikseli niseme wazi: namba hiyo iliyoandikwa kwenye boksi ndiyo ya mwisho ninayoitazama. Kamera nyingi za mtego zina kipokea picha kidogo, na namba kubwa hupatikana kwa programu ya ndani inayoongeza nukta za kubuni kati ya nukta halisi. Faili linakuwa kubwa, kadi inajaa upesi, kamera inachukua muda mrefu kuhifadhi kabla haijawa tayari kupiga tena, na ukali wa picha haujaongezeka. Mwaka 2005 kamera za mtego zilimpiga picha sange mwenye uso wa kijivu katika milima ya Udzungwa, Tanzania, mnyama mdogo mwenye pua ndefu ambaye wanasayansi walikuja kumtangaza kuwa spishi mpya mwaka 2008. Wakati ule hakukuwa na kamera ya mtego ya megapikseli 48. Palikuwa na kamera mahali sange alipopita.

Ukiwa dukani au ukitafuta mtandaoni, uliza haya: muda wa kufyatuka, muda wa kuwa tayari tena baada ya picha, na kama upana wa kihisi unalingana na upana wa lenzi. Hilo la tatu watu hulisahau. Kihisi kikiwa kipana kuliko lenzi, kamera hufyatuka kwa mnyama aliye nje ya picha na unapata fremu tupu. Kisha omba kuona picha ya usiku iliyopigwa na kamera hiyohiyo, ya mnyama anayetembea, si aliyesimama. Kamera nyingi hupendeza mchana, na usiku ndiyo mtihani. Ukibaki na fedha baada ya hapo, nunua betri nzuri.

Taa zipo za aina tatu. Ya kwanza hutoa mwanga wa nanomita 850 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), ambao macho yetu huuona kama vinundu vyekundu hafifu. Huangaza mbali na picha huwa safi. Ya pili ni ya nanomita 940, ndiyo wanayoiita isiyoonekana. Mtu aliyesimama mbele yake gizani haoni kitu, ila mwanga wake haufiki mbali, picha huwa na giza kidogo na mnyama mwenye haraka hutoka na ukungu. Ya tatu ni flashi nyeupe, inayokupa rangi halisi usiku, nzuri sana kama unataka kutofautisha chui mmoja na mwingine kwa madoa yao, lakini humtangazia kila aliye karibu kwamba pana kamera. Mmarekani George Shiras alikuwa akipiga wanyama usiku kwa flashi ya baruti zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na jarida la National Geographic lilichapisha picha zake 74 mwaka 1906; katika picha mojawapo paa wanaonekana wakiruka kwa kushtuka. Wewe umeshaibiwa, chukua ya 940. Ila usiamini kwamba wanyama nao hawaitambui. Kamera hutoa mlio mdogo inapoamka, ina harufu ya mikono yako, na wanyama wengi wana masikio na pua kali kuliko tunavyodhani. Ndiyo maana wengine hutazama lenzi moja kwa moja.

Kuifunga juu kabisa ya mti hakukufai kama kanuni. Ikiwa mita 3 juu na kuinamishwa, vidole vya kihisi vinapiga ardhini kwenye eneo dogo, wanyama wadogo wanapita bila kuhisiwa, na wakubwa unapata migongo. Tayari una mgongo mmoja, na huo ulitokana na usawa wa kifua tu. Kwa wanyama wa kimo cha mbuzi na chini yake, weka kamera sentimita 40 hadi 50 kutoka ardhini, mita 3 au 4 kutoka kwenye njia yao, ikitazama kaskazini au kusini. Juu iweke pale tu ambapo watu wanapita sana na huna mahali pengine, na ukubali kwamba unabadilisha picha kwa usalama. Ukifanya hivyo, chomeka kabari ya mti nyuma ya kamera, sehemu ya juu, mpaka katikati ya picha iangukie mita 4 au 5 kutoka kwenye shina.

Kisha fanya jaribio ambalo wengi huona haya kulifanya. Washa hali ya majaribio, ile ambayo kitaa kidogo huwaka kihisi kikishtuka, halafu nenda njiani, piga magoti na utambae kwa mikono na miguu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kitaa kikiwaka ukiwa katikati, umepatia. Kikiwaka ukiwa umeshapita, geuza. Mimi hurudia mara tatu, kasi tofauti, na suruali zangu zote za porini zimetoboka magotini kwa sababu hiyo.

Nije kwenye wizi, maana najua ndilo linalokunyima usingizi. Mkanda wa kitambaa hukatwa kwa kisu kwa sekunde mbili. Kebo ya chuma iliyosokotwa, yenye unene wa kidole kidogo, hukishinda kisu na koleo dogo, lakini haiushindi mkasi wa vyuma. Kasha la chuma lililokazwa kwa skrubu nene ndani ya shina ndilo imara zaidi, tena hulinda kamera dhidi ya meno ya fisi, mikono ya nyani na udadisi wa tembo, kama hao wanapatikana huko. Nunua kasha. Lakini tambua kuwa vyote hivyo vinanunua muda tu. Mtu mwenye shoka na saa nzima ya kukaa peke yake ataondoka na kamera. Nimewahi kukuta kisiki kibichi mahali nilipofunga kamera kwenye mti mwembamba kama mkono. Kebo na kufuli vilikuwa bado vimeshikana vizuri, vimelala chini, mti haupo na kamera haipo. Tangu siku ile sifungi kwenye shina jembamba kuliko paja langu.

Swali lenye manufaa zaidi ni hili: aliionaje? Mtu anayetembea porini hutazama usawa wa macho yake, na kamera yako ilikuwa usawa wa kifua kando ya njia. Pengine ulifyeka mbele yake, na mikato mibichi ya matawi huonekana kwa mbali kama meno meupe. Pengine mkanda uling'aa. Pengine ulipita njia ileile kila ulipokwenda kuikagua, majani yakalala, ukawa umemchorea mtu kijia hadi kwenye shina. Na mstatili mweusi juu ya gome la mti ni umbo ambalo msitu hauna, jicho hulinasa mara moja.

Kwa hiyo acha njia ya watu kabisa. Ingia ndani hatua 20 au 30, utafute kijia cha wanyama wenyewe: kwato kwenye tope, nywele kwenye miiba, kinyesi, gome lililosuguliwa. Chagua shina lenye panda au mzizi mkubwa ili umbo la kamera livunjike. Pakaa kasha rangi isiyong'aa ya gome au lisugue kwa tope. Badala ya kufyeka, inamisha majani machache yaliyo mbele ya kihisi na uyabane kwa jiwe. Kufuli liwe dogo na jeusi, lifichwe nyuma ya shina, kwa sababu kufuli kubwa linalong'aa humwambia mpita njia kwamba hapa pana kitu cha thamani. Nenda kuikagua mara chache, kwa njia tofauti.

Weka pia namba ya siri, kama kamera inaruhusu. Haizuii kuibwa, ila humwachia mwizi kifaa asichoweza kukitumia. Bandika ndani ya kifuniko karatasi ngumu yenye maneno machache: kamera hii ni ya kuangalia wanyama, ina namba ya siri, picha za watu zinafutwa, ukiwa na swali piga namba hii. Na ufanye hivyo kweli, zifute. Watu hupita porini kwa shughuli zao halali, wanaokota kuni, wanachunga, wanaoga mtoni. Kuwapiga picha bila wao kujua ni kuwavunjia heshima, na kunaweza kuwa sababu ya kamera kuvunjwa.

Hapa ndipo ninapoweka uzito wangu wote. Kabla ya kufunga hizo mbili, tafuta wanaolitumia bonde hilo uongee nao. Omba ruhusa ya mwenye ardhi, au ya mamlaka kama ni eneo la hifadhi. Kuna mahali kuweka kamera bila kibali ni kosa, na sheria za uwindaji nazo hutofautiana. Jimbo la Arizona nchini Marekani, kwa mfano, lilikataza tangu mwaka 2022 kuzitumia kwa ajili ya kuwinda. Ukishapata picha za kwanza, waonyeshe watu. Niliwahi kumwonyesha mzee mmoja mchungaji, kwenye kioo kidogo cha kamera, fisi wawili wakinusa kwato za mbuzi wake saa tisa usiku, njia ileile aliyopita jioni. Aliishika kamera kwa mikono miwili, akatazama, akarudisha nyuma, akatazama tena. Kuanzia wiki ile yeye ndiye aliyeniambia kebo ikilegea, na kamera ile ilikaa pale misimu miwili. Hakuna chuma kilichowahi kunilindia kamera hivyo.

Unaweza kujiuliza kama kamera ya pili iilinde ya kwanza. Mimi ningezitenganisha, kila moja kijia chake, maana lengo lako ni wanyama. Zinazotumia laini ya simu hukutumia picha kabla mwizi hajafika mbali, nazo ni msaada kweli, ila zinahitaji mtandao unaoshika bondeni, malipo ya kila mwezi, na hula betri. Pima mtandao kwa simu yako palepale utakapofunga, ukiwa umechuchumaa.

Mambo madogo nitayapitia upesi. Betri za alkalaini huanza na volti 1.5 na kushuka kila siku, taa ya usiku ndiyo huanza kufifia. Za lithiamu zisizochajiwa hushikilia volti karibu hadi mwisho. Za kuchaji aina ya NiMH ni volti 1.2, hivyo nane zinatoa 9.6 badala ya 12, na baadhi ya kamera huzihesabu kuwa zimeisha: soma kijitabu kabla hujanunua. Usichanganye mpya na kuukuu. Futa kadi kwa kutumia kamera yenyewe, si kompyuta. Weka tarehe na saa sahihi, kwa kuwa umeniambia unataka kujua wanapita saa ngapi. Tia pakiti ndogo ya kunyonya unyevu, na ufute mpira wa kifuniko kila ukifungua; punje moja ya mchanga inatosha kuingiza maji. Sisimizi hupenda joto la ndani. Nimefungua kamera nikakuta mayai yao meupe yamepangwa kati ya springi za betri kama wali.

Kuna wakati ambapo ushauri wa kusoma hautoshi. Ukipata picha ya watu wenye mitego ya waya au silaha, usiwafuate wala usiwaulize chochote. Iache kamera, wapelekee askari wa wanyamapori nakala ya picha. Ukinasa mnyama mkali karibu na nyumba za watu, toa taarifa siku hiyohiyo. Ukinasa mnyama anayewindwa kwa thamani yake, usitaje mahali mtandaoni, na kama picha umeipiga upya kwa simu hakikisha haikubeba alama ya mahali. Na kama siku moja utataka kujua wapo wangapi, si kwamba wapo tu, tafuta mtafiti wa wanyamapori akae nawe. Kuhesabu kunahitaji mpangilio wa kamera nyingi, na picha kumi za paa zinaweza kuwa paa mmoja aliyepita mara kumi.

Tafuta pia lile boksi la kamera iliyoibwa. Pembeni kuna namba ya mfululizo ya kifaa. Iandike, uipeleke polisi pamoja na tarehe, na uwaachie wauzaji wa vifaa vya mitumba walio karibu nawe. Za hizi mbili mpya, ziandike kabla hujazitoa nyumbani.